Mstari unaokuja wenyewe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nashukuru sana kwa nafasi hii. Nimepewa mada ya kukariri mistari ya Biblia na kuiweka moyoni, na niseme mapema kabisa mada hii naipenda mno, kwa hiyo mkiona nimezama sehemu moja halafu nyingine nimeipita mbio mnivumilie, ndivyo ilivyo moyoni mwangu.

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Kuna ndugu mmoja tulikoseana, mambo ya kazi, akaniandikia meseji ambayo nilipoisoma mara ya kwanza mikono ilianza kutetemeka. Ilikuwa saa tano usiku, nimekaa kitandani, nikaanza kuandika jibu. Na niliandika vizuri kweli, aya tatu, kila sentensi nimeinoa, nimemkumbusha vitu vya miaka minne nyuma ambavyo nilishamwambia nimesamehe, na mwishoni nikaweka neno moja tu ambalo nilijua likimfikia usiku ule hatalala. Kidole gumba kiko juu ya kitufe cha kutuma. Na hapo hapo, bila mimi kuomba, bila kuwa nafikiria habari za Mungu hata kidogo, ikapita kichwani, "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Mithali 15:1. Mstari huo niliukariri nikiwa na miaka kama tisa, sande skuli, kwa sababu mwalimu alisema atakayesema mistari mitano bila kukosea atapata penseli yenye kifutio. Ghadhabu yenyewe sikuwa hata naijua ni kitu gani. Miaka yote hiyo mstari ulikuwa umekaa tu huko ndani, kimya, mpaka usiku ule. Nilifuta zile aya tatu, na sikufuta kwa furaha, nilifuta huku bado nimekasirika, ila nilifuta.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo. Kwenye simu ile ile niliyokuwa nimeishika kulikuwa na Biblia nzima, mistari elfu 31 na zaidi, tafsiri tatu, na sauti ya kusomewa kama macho yamechoka. Ilikuwa mguso mmoja tu wa kidole kutoka kwenye ile meseji. Sikuifungua. Na sikuisahau, nasema ukweli mbele za Mungu, sikuifungua kwa sababu saa ile sikutaka kuambiwa kitu na mtu yeyote.

Siku hizi ukimwambia mtu akariri mistari anakujibu, ya nini, Biblia si ninayo kwenye simu, nikitaka mstari wowote naandika neno moja unakuja. Na ni kweli, mimi mwenyewe namshukuru Mungu kwa hizo apu na nazitumia kila siku. Ila lisikilize vizuri hilo jibu, "nikitaka". Simu inakujibu ukiiuliza. Na saa ya jaribu huwa hatuulizi! Mtu aliyebakiza sekunde mbili aseme uongo hafungui Biblia kutafuta mistari inayokataza uongo. Aliyeanza kuchati usiku na mume wa mtu haendi kusoma Mithali 5. Na yule aliyelemewa na huzuni mpaka kunyanyuka kitandani hawezi, huyo hata kuandika neno "tumaini" pale juu kwenye sehemu ya kutafutia hana nguvu nalo. Kwa hiyo Neno tunalolihitaji kuliko yote tunalihitaji saa ile ile ambayo hatutaenda kulitafuta, inabidi lije lenyewe, na litatoka wapi kama halijawahi kuwekwa?

Mwandishi wa Zaburi 119 analijua hili. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi", mstari wa 11. Ona anavyolipanga jambo lake, nimeliweka, yaani limeshaingia, na nisije, yaani dhambi yenyewe bado haijafika. Kuweka kumetangulia. Ameweka siku ambayo hakuna vita. Na Bwana wetu alipowaahidi wanafunzi Roho Mtakatifu alisema "atawafundisha yote, na kuwakumbusha yote niliyowaambia", Yohana 14:26, na ahadi hiyo aliwapa watu waliokuwa wamekaa miguuni pake wakasikia. Kukumbushwa ni kurudishiwa kitu ulichowahi kukipokea. Simzuii Roho wa Mungu kufanya apendavyo, anaweza kumpa mtu neno ambalo hajawahi kulisoma, lakini mimi nikimwomba anikumbushe ni vizuri niwe nimempa pia cha kunikumbusha.

Najua neno lenyewe, kukariri, lina sifa mbaya. Shuleni ukiambiwa "wewe unakariri tu" ni kama umetukanwa, maana yake huelewi, kasuku. Na kasuku wapo, nitalifikia hilo. Ila kukariri asili yake ni kurudia kusema, basi, kusema tena na tena. Na hapo Biblia yenyewe iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Zaburi 1 inasema mtu aliyebarikiwa sheria ya BWANA "huitafakari mchana na usiku". Sisi tukisikia kutafakari tunamwona mtu amekaa kimya, macho amefumba, anawaza. Lakini neno la Kiebrania pale ni haga, na haga inatoka mdomoni. Ni kunong'ona, kusema kwa sauti ya chini chini. Neno hilo hilo Isaya 31:4 analitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake, na Isaya 38:14 analitumia kwa hua anapolia. Hebu mwone huyo simba, ameshashika chakula chake, haondoki pale, anatafuna huku ananguruma taratibu, na ukisogea unyang'anye utaona. Huyo ndo mtu wa Zaburi 1. Na Yoshua alipoambiwa habari za kitabu cha torati hakuambiwa kisiondoke machoni pako, aliambiwa "kisiondoke kinywani mwako". Kinywani! Kwa hiyo anayekariri hajaacha kutafakari, yuko ndani ya kutafakari kwenyewe, mdomo ndo mlango na moyo ndo ghala.

Haya, tufanye hapa hapa. Fungeni Biblia zote, simu wekeni chini. Mimi nasema halafu nyinyi mnasema. Maombolezo 3, mstari wa 22 na 23. "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii." Semeni. Tena. Sasa kipande cha pili, "kwa kuwa rehema zake hazikomi." Tena. Unganisheni vyote viwili bila mimi.

Mmesikia? Nusu yenu mmesema "ni rehema za BWANA". Msione aibu, karibu kila niliyewahi kukariri naye mstari huu amejikwaa hapo hapo, na mimi nilijikwaa wiki nzima, huruma na rehema zinabadilishana viti. Nikajiwekea alama, H inatangulia R kwenye alfabeti, basi huruma kwanza halafu rehema. Imekaa mpaka leo. Haya, kipande cha mwisho, "Ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu." Tena. Tena, polepole.

Kuna mtu ameona kitu? Rehema ZAKE hazikomi. Uaminifu WAKO ni mkuu. Mstari huu nimeusoma miaka na miaka, nimeusikia kwenye ibada sijui mara ngapi, na sikuwahi kuona kwamba katikati mtu amebadilisha anayeongea naye. Niliona siku nilipokuwa naukariri, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa unakataa, kila nikifika mwisho nasema "uaminifu wake ni mkuu", nafungua, naona "wako", nafunga, nasema tena "wake". Mara ya sita au ya saba ndo nikasimama nikajiuliza kwa nini aliandika wako. Huyu mwandishi amekaa kwenye mji uliobomolewa, watu wamekufa kwa njaa, hekalu limeteketea, na tangu mwanzo wa sura karibu muda wote anaongea habari za Mungu, amenifanyia hivi, amenizungushia boma nisitoke, halafu ghafla katikati ya sentensi anageuza uso, haongei tena habari zake, anaongea NAYE. Uaminifu wako. Nililia siku hiyo. Halafu nikakumbuka Zaburi 23 nayo iko hivyo, hunilaza, huniongoza, yeye, yeye, yeye, mpaka anapofika kwenye bonde la uvuli wa mauti, hapo inakuwa "kwa maana Wewe upo pamoja nami." Kusoma kulinipitisha juu ya vitu hivyo kama gari la mwendo kasi. Kukariri kulinishusha nikatembea kwa miguu.

Na niongeze hili maana ni zuri mno. Sura hiyo ya 3 ya Maombolezo ina mistari 66, na kwa Kiebrania imepangwa kwa herufi, alfabeti yao ina herufi 22, kila herufi imepewa mistari mitatu, kwa hiyo huu wetu wa 22 na 23 pamoja na wa 24 yote inaanza na herufi ya nane. Zaburi 119 ni hivyo hivyo, herufi 22 mara mistari 8, ndo maana inafika 176. Kitu kilichopangwa hivyo kinashikika kichwani, ukijua herufi unajua unakoelekea. Mtu aliyepoteza nyumba na hekalu na kila kitu bado angeweza kuyabeba maombolezo hayo yote bila kuwa na hata kipande cha ngozi mkononi.

Sasa tuje kwa Bwana wetu jangwani, Mathayo 4. Siku 40 hajala. Mjaribu anakuja mara tatu na mara zote tatu jibu lina neno "imeandikwa". Majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, la kwanza 8:3, la pili 6:16, la tatu 6:13. Hayakuokotwa huku na huku, yote yametoka sehemu moja, kurasa mbili tatu tu. Na ukienda kusoma sura hizo unakuta ni habari za nini? Israeli jangwani miaka 40, wameona njaa wakanung'unika, wamemjaribu Mungu, wameonywa wasifuate miungu mingine. Yeye yuko jangwani siku 40, ana njaa, na anajibu kwa maneno yale yale waliyopewa wao wakashindwa kuyashika. Huyu hakuwa ameshika mistari mitatu ya kujihami, alikuwa anaishi ndani ya ile sehemu nzima.

Halafu angalia upande wa pili. Shetani naye amekariri! Anamnukulia Zaburi 91, ile ya malaika watakuchukua mikononi usijikwae mguu kwenye jiwe. Ni maandiko kweli, hakutunga. Ila Zaburi inasema malaika watakulinda "katika njia zako zote" na yeye kipande hicho amekiruka, maana kujirusha toka juu ya hekalu sio njia ya mtu anayemtii Mungu, na amenukuu mstari wa 11 na wa 12 akanyamaza. Unajua wa 13 unasema nini? "Utawakanyaga simba na nyoka, mwana-simba na joka utawaseta kwa miguu." Hapo hakufika.

Mimi hili linanitisha na linanifundisha kwa pamoja. Linanitisha kwa sababu linaonyesha mtu anaweza kuwa na mistari mingi kichwani na bado akawa adui wa Mungu, kwa hiyo kukariri peke yake hakumfanyi mtu mtakatifu, na mtu asije akaanza kuhesabu mistari yake kama mwenye fedha anavyohesabu fedha. Na linanifundisha kwamba mstari uukariri na majirani zake. Sisi tunaupenda sana Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", tunausema kabla ya mtihani, kabla ya intavyuu, kabla ya mechi. Sijasema ni dhambi. Lakini kariri na wa 11 na wa 12 uone Paulo alikuwa anaongelea nini, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na yuko kifungoni anapoandika. Mambo yote anayoyaweza ni pamoja na kukosa. Vivyo hivyo Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, ni barua kwa watu walioko uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unawaambia itakuwa miaka 70. Ukikariri wa 11 bila wa 10 utakuja kumdai Mungu kitu cha wiki ijayo ambacho hakukuahidi.

Nina mfano mmoja wa mtu aliyekariri kwa sababu ambazo hazikuwa za kiroho kabisa, na naupenda kwa sababu ya ile penseli yangu. Dawson Trotman, kijana wa Marekani, California, mwaka 1926 ana miaka 20, maisha yake yameharibika, pombe, ameshashikwa na polisi. Akaenda kwenye kikundi cha vijana kanisani, kulikuwa na mashindano ya pointi, na ukikariri mistari 10 kundi lako linapata pointi. Akakariri 10 ya wokovu, akaenda akasema yote. Akapewa 10 mingine, nayo akaikariri. Hakuwa ameokoka, alitaka pointi. Wiki kadhaa baadaye anatembea kwenda kazini, mkononi ana chombo cha chakula chake cha mchana, na mstari mmoja katika ile ukaja wenyewe, Yohana 5:24, "Yeye alisikiaye neno langu na kumwamini yeye aliyenipeleka yuna uzima wa milele." Yuna. Kiswahili chetu cha zamani kizuri sana hapo, sio atakuwa nao, yuna, sasa hivi. Pale pale njiani akamwomba Mungu hicho kitu, chochote kile, akipate. Mwaka 1933 huyo huyo akaanzisha huduma kwa wanajeshi wa majini iliyokuja kuitwa The Navigators, na kukariri Maandiko kukawa msingi wa kazi yake mpaka alipokufa mwaka 1956 akimwokoa mtu majini.

Kwa hiyo nyinyi walimu wa watoto, endeleeni kugawa penseli. Mtoto akisimama mbele akasema "Yesu akalia machozi" kwa sababu ndo mstari mfupi kuliko yote anaoujua, mpigieni makofi halafu mumpe mwingine. Hamjui utaamka saa ngapi na wapi.

Na kuna huyu mwingine ambaye nikifikiria habari zake nanyamaza. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa la kwanza, ameandika habari za wafia imani wa Palestina, na mmoja wao ni Mmisri aitwaye Yohana, kipofu. Alikuwa ameshapoteza macho zamani na bado watesi wakamchoma jicho kwa chuma cha moto, wakamharibu na mguu. Eusebio anasema mara ya kwanza alipomwona alikuwa amesimama katikati ya kusanyiko kubwa anatoa Maandiko, na yeye Eusebio akiwa kwa mbali, anasikia tu sauti, akadhani anasoma kama ilivyo desturi. Aliposogea karibu ndo akaona, watu wote waliomzunguka wana macho, na yule katikati anatumia macho ya moyo peke yake. Torati, manabii, injili, nyaraka, akitaka popote anatoa. Aliuawa karibu mwaka 310 pamoja na wengine, walikuwa 39, siku moja. Walikuwa wanateketeza vitabu vya kanisa miaka ile kwa amri ya kaisari, kila nakala waliyoipata. Hiyo moja ingechomwaje?

Mtu akiniambia "kichwa changu kigumu" namkumbusha huyo, na simwambii ili kumwaibisha. Zamani hili lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wa Mungu, mwaka 787 maaskofu walipokutana Nikea walikubaliana mtu asifanywe askofu kama hajui Zaburi kwa moyo, na Zaburi ziko 150. Sisi tumepungukiwa mazoezi zaidi ya kupungukiwa akili.

Ila kusahau ni kweli kupo na tusidanganyane. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana halafu anapima zinavyopotea, na akakuta sehemu kubwa inapotea mapema kabisa, saa za mwanzo na siku ya kwanza, baadaye kasi inapungua. Lakini alikuta na kingine kinachonitia moyo sana, kwamba kile ulichokisahau ukikijifunza tena kinaingia haraka kuliko mara ya kwanza. Yaani hata pale unapodhani umepoteza kila kitu kuna alama imebaki. Kwa hiyo ukisahau mstari wa wiki iliyopita usiseme nimeshindwa, rudia, unajenga juu ya msingi ambao hauuoni.

Kwa vitendo mimi nafanya hivi, na kila mtu atapata njia yake. Naandika mstari kwa mkono wangu kwenye kikaratasi, sio kupiga picha ya skrini, kuandika, maana mkono ni mwalimu. Nataja andiko mwanzo na mwisho, Mithali 15:1, maneno, Mithali 15:1, la sivyo utabaki unasema "kuna mahali Biblia inasema" na hujui mahali. Nasema kwa sauti, kipande kwa kipande kama tulivyofanya, siku ya kwanza mara nyingi, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Na ya zamani kabla ya mipya, hapa ndo wengi tunapoangukia, tunakimbilia mstari mpya kwa sababu mpya una raha yake na ile 20 ya nyuma inakauka moja moja. Chagua tafsiri moja ukae nayo. Mimi ni wa Union Version, hii yetu ya mwaka 1952, kwa sababu lugha yake ina mwendo unaoshikika na ndiyo nimeisikia tangu utoto, mwingine anaelewa zaidi Habari Njema na ni sawa kabisa, ila ukichanganya mbili ulimi utagombana wenyewe. Na uwe na mtu wa kumsemea. Mke wangu ananishikia Biblia jioni, nikikosea hata neno moja anasema "rudi", na saa nyingine nakasirika, halafu narudi.

Halafu acheni kukariri mistari iliyotawanyika tu, chukueni na kipande kizima. Zaburi 23 ni mistari 6. Zaburi 1 ni 6. Warumi 8 ni 39. Waraka wote wa Wafilipi una mistari 104, hesabu mwenyewe, mstari mmoja kwa wiki ni miaka miwili kamili na una kitabu kizima cha Biblia ndani yako. Miaka miwili itapita tu hata usipofanya chochote.

Na ukikariri, uombe nao. Yona alipokuwa ndani ya samaki hakuwa na kitabu wala taa, na ukisoma sala yake sura ya 2 unakuta imejaa Zaburi, yale ya mawimbi na gharika za Mungu kupita juu yake ni maneno ya Zaburi 42. Mtu anayemkimbia Mungu, ambaye alikuwa hataki hata kuongea naye, kinywa kilipofunguka kikatoa kile kilichokuwemo. Bwana wetu msalabani, pumzi imebaki kidogo, anasema Zaburi 22, anakata roho na maneno ya Zaburi 31.

Nimewahi pia kuitumia mistari vibaya, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna kipindi nilikuwa naikariri ili niwapige nayo watu, mtu akiongea kidogo namrushia andiko, nilishinda mabishano mengi na nikapoteza dada mmoja katika Bwana ambaye alikuja kwangu akilia na mimi nikampa Warumi 8:28, ule wa Mungu kufanya kazi katika mambo yote kuwapatia mema wale wampendao, kabla hajamaliza sentensi. Ule mstari ni kweli. Ila mimi niliutumia kumnyamazisha. Sasa nikishika mstari mpya huwa nakaa nao mwezi mzima unifanyie kazi mimi kwanza kabla sijamwambia mtu.

Basi. Tangu tuseme ule mstari wa Maombolezo muda mrefu umepita, nimeongea mengi juu yake makusudi ili muanze kuusahau. Msifungue kitu, na aliye jirani na mwenye Biblia wazi amfungie. Upande huu wa kushoto mtasema kipande cha kwanza na cha pili, na kumbukeni H inatangulia R, upande wa kulia mtamalizia, na mkifika kwenye lile neno la mwisho mwisho geuzeni uso kama alivyogeuza yeye. Maombolezo 3, mstari wa 22 na 23. Kushoto, anzeni. "Ni huruma..."